Namna ya kusoma tafiti za serotonini na pombe kwa panya wa maabara mpaka uelewe kilichopimwa

Ukianza kusoma hizi tafiti utakutana na kitu kinachokera kweli. Pepa moja inasema panya wakipunguziwa serotonini (kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo) kichwani wanaikataa pombe, nyingine inasema wakiongezewa serotonini wanapunguza pombe, na zote mbili ni za watu makini, zina grafu, zina namba, hakuna aliyedanganya. Wengi wanaishia hapo, wanafunga, wanasema hii sayansi haieleweki. Inaeleweka sana tu ila ina mpangilio wake wa kusoma, na huo mpangilio hakuna anayekufundisha, unaambiwa soma muhtasari halafu hitimisho basi, na hapo ndo unapopotelea.

Mimi niliingia kwenye haya mambo kwa sababu ya mtu wangu wa karibu ambaye pombe ilimshika miaka mingi, nikataka kujua ndani ya kichwa kunatokea nini hasa, nikasoma na kusoma. Haya nayoandika ndo ninayotamani mtu angeniambia kabla ya pepa ya kwanza.

Kabla ya yote lishike hili: panya hapimwi "ulevi", kinachopimwa ni mililita zilizopungua kwenye chupa. Kipokezi, yaani ile sehemu ya seli inayopokea serotonini, ni maelezo yanayokuja baadaye, kwa hiyo soma kuanzia kwenye chupa kwenda kwenye kipokezi, usianze na kipokezi.

Jua kwanza serotonini inatoka wapi na inapokelewa wapi

Serotonini ya ubongo inatengenezwa na nyuroni chache tu ukilinganisha na ukubwa wa ubongo wenyewe, ziko kwenye shina la ubongo katika viini vinavyoitwa rafe, zinaitengeneza kutokana na triptofani inayotoka kwenye chakula, halafu zinatuma matawi marefu karibu kila kona ya ubongo. Huko inakofika inakutana na vipokezi, na hapa ndo utamu ulipo, maana vipokezi vyake vimegawanyika familia 7 na aina angalau 14. Kwahiyo mtu akikuambia "serotonini inapunguza unywaji" muulize ipi, wapi, kupitia kipokezi gani.

Huna haja ya kuvikariri vyote. Kwenye pombe utakutana zaidi na (5-HT ni jina jingine la serotonini) 5-HT1A, 5-HT1B, 5-HT2A, 5-HT2C na 5-HT3. Hicho cha mwisho kiweke pembeni kichwani kwako maana kina umbile tofauti na wenzake wote: vingine vinapeleka ujumbe taratibu kupitia protini za ndani ya seli, 5-HT3 chenyewe ni mlango wa chumvichumvi zenye chaji, serotonini ikigusa mlango unafunguka hapo hapo na nyuroni inashtuka. Na pombe yenyewe inaugusa huo mlango moja kwa moja, inaongeza nguvu ya serotonini juu yake, jambo ambalo limeonekana kwenye seli tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

5-HT1A nacho kina ujanja wake. Kinakaa sehemu mbili zenye kazi zinazopingana. Kimoja kiko juu ya nyuroni ile ile ya rafe inayotoa serotonini, na hapo kinafanya kazi ya breki, kikiguswa nyuroni inanyamaza na serotonini inashuka ubongo mzima. Kingine kiko mbele huko kwenye hipokampasi, gamba la ubongo na kwingineko, hapo kikiguswa ni kama serotonini imefika. Sasa fikiria dawa moja inayogusa 5-HT1A, dozi ndogo inaweza kushika zaidi ile breki na dozi kubwa ikafika na kule mbele, yaani dawa ile ile, panya yule yule, matokeo mawili. Dawa ya maabara inayoitwa 8-OH-DPAT ndo mfano wake mkubwa, kuna pepa imeongeza unywaji kwa dozi ndogo na kuna pepa nyingi imepunguza kwa dozi kubwa zaidi. Ukikutana na mkanganyiko wa namna hiyo usikimbilie kusema mmoja kakosea, nenda kwenye dozi kwanza.

Rudi kwenye chupa, na piga hesabu mwenyewe

Jaribio la kawaida kabisa ni la chupa mbili. Panya ana chupa ya maji na chupa ya pombe, anachagua mwenyewe, kesho yake chupa zinapimwa uzito. Watu wanaliona rahisi ila makosa mengi yamejificha hapa, kwahiyo chukua kalamu.

Tuseme panya mdogo (yaani mouse, spishi tofauti na panya mkubwa, rat) wa gramu 25 amepunguza mililita 2.5 za pombe ya asilimia 10 kwa siku. Kama asilimia hiyo ni ya ujazo kwa ujazo, ndani yake kuna mililita 0.25 za pombe halisi, na pombe halisi ina uzito wa gramu 0.789 kwa kila mililita, unapata karibu gramu 0.197, gawa kwa kilo 0.025 unapata kama 7.9 g/kg, yaani gramu za pombe kwa kila kilo ya mwili. Kama asilimia hiyo ni ya uzito kwa ujazo, basi kuna gramu 0.25 na jibu linakuwa 10 g/kg. Umeona? Panya hajabadilika, chupa haijabadilika, kilichobadilika ni lebo tu na tofauti ni zaidi ya robo. Kwahiyo kabla hujalinganisha pepa mbili tafuta pale kwenye mbinu wameandika asilimia ya namna gani.

Sasa chukulia chupa imedondosha nusu mililita wakati mtu anaitoa kwenye kizimba. Kwa panya huyo huyo hiyo ni karibu 1.6 g/kg ambayo hakuna aliyekunywa. Kuna dawa ambazo athari yake yote iliyoripotiwa inafanana na hiyo nusu mililita! Ndo maana maabara nzuri wanaweka kizimba kitupu chenye chupa zile zile bila panya, wanapima kilichodondoka na kilichoyeyuka hewani, wanakitoa kwenye hesabu. Kama hujaona sentensi hiyo kwenye mbinu, punguza imani kidogo.

Angalia pia kama chupa zilikuwa zinabadilishwa upande. Panya wana tabia ya kupenda kona moja, akizoea kulia atakunywa kulia hata ukiweka kitu gani, na kama pombe ilikaa kulia wiki nzima basi hapo umepima kona.

Halafu uliza muda. Pombe iliyokuwepo saa 24 na panya akasambaza unywaji wake usiku kucha inaweza isimpandishie sana pombe kwenye damu, maana mwili wake unaichoma haraka. Kwa sababu hiyo mwaka 2005 ilianza kutumika mbinu ya kuwapa panya wadogo pombe ya asilimia 20 gizani, saa 3 baada ya taa kuzimwa, kwa saa 2 kwa siku tatu na saa 4 siku ya nne, maana panya ni mnyama wa usiku na hapo ndo anakunywa kwa kasi mpaka damu inavuka miligramu 80 kwa desilita. Mbinu nyingine ni kumpa pombe siku moja na kumnyima siku inayofuata, akirudishiwa anainywea kwa pupa. Hizi mbinu hazipimi kitu kimoja, na kipokezi kinachohusika kwenye moja si lazima kihusike kwenye nyingine, hili watu wanalisahau sana. Kuna na zile ambazo panya anabonyeza kitufe ili apate tone, hizo zinakuonyesha anaitafuta pombe kwa bidii kiasi gani, na kutafuta na kunywa ni vitu viwili, dawa inaweza kugusa kimoja ikaacha kingine.

Uliza ni panya gani

Hapa usipite haraka. Panya wadogo wa ukoo wa C57BL/6J wanakunywa pombe vizuri tu bila kufundishwa, wale wa DBA/2J wanaikwepa, na hilo linajulikana tangu 1959 na limerudiwa mara nyingi mno. Panya wakubwa nao wamezalishwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi, wanywaji wanaoanishwa na wanywaji. Wanaojulikana sana ni panya wa P wa Indiana huko Marekani, ambao kipimo chao ni zaidi ya 5 g/kg kwa siku na wachague pombe ya asilimia 10 angalau mara mbili zaidi ya maji, na kuna wa AA wa Finland na wa sP wa Sardinia. Wale wa P walipochunguzwa ubongo wakakutwa na serotonini pungufu sehemu kadhaa na nyuroni zake chache kwenye rafe ukilinganisha na ndugu zao wa NP wasiopenda pombe. Ni moja ya ushahidi mzito kwenye mada nzima, ila kumbuka ni uhusiano, wanyama waliochaguliwa kwa kunywa wanaweza kubeba na mambo mengine ambayo hayana kazi yoyote kwenye kunywa.

Sasa hadithi ya 5-HT1B, ambayo mimi naona kila anayeanza aisome mara mbili. Mwaka 1996 kundi la John Crabbe lilichapisha kwenye jarida la Nature Genetics kwamba panya wadogo waliotolewa jeni ya 5-HT1B wanakunywa pombe karibu mara mbili ya wenzao. Matokeo safi, yalisambaa sana, watu wakaanza kusema kipokezi cha kuzuia ulevi kimepatikana. Halafu wengine wakarudia na ile tofauti ikagoma kutokea. Na hapa ndo ninapowaheshimu sana hawa watu: Crabbe mwenyewe akashirikiana na Douglas Wahlsten na Bruce Dudek, wakachukua koo zile zile za panya wakiwemo hao wasio na 5-HT1B, wakafanya majaribio yale yale kwa wakati mmoja kwenye maabara tatu, Portland, Edmonton na Albany, wakasawazisha vifaa, umri, ratiba ya taa, kila walichoweza kusawazisha. Yakachapishwa kwenye Science mwaka 1999. Bado baadhi ya tabia zilitofautiana maabara na maabara. Kilichosimama imara ni zile tofauti kubwa za ukoo, C57BL/6J anakunywa na DBA/2J hanywi, popote ulipo.

Ukiichambua hadithi hiyo unapata maswali matatu ya kuuliza kila pepa ya panya waliotolewa jeni. Je wale wa kulinganisha nao ni ndugu wa tumbo moja au ni wa ukoo unaofanana tu kwa jina? Maana panya hao walianza na mchanganyiko wa ukoo wa 129, na jeni za jirani zinaweza kuleta tofauti ambayo wewe unamlaumu 5-HT1B. Je jeni ilikosekana tangu mimba? Ubongo uliokua bila kipokezi hujipanga upya, kwahiyo unachokiona kinaweza kuwa ni matokeo ya kujipanga. Na la tatu, tofauti ni kubwa kiasi gani, maana ndogo huyeyuka ukihama maabara.

Tafuta kitu kingine kilichopungua

Ukishajua chupa na panya, hapo sasa ingia kwenye dawa, na swali ni moja tu: mbali na pombe nini kingine kilishuka? Tafuta maji, chakula, sukari na mwendo. Pepa nzuri itakuwa na chupa ya sukari au ya maji ya utamu iliyopimwa kwa dozi ile ile.

Fluoksetini, dawa ya sonona inayoongeza serotonini, inapunguza pombe kwa panya, ni kweli, ila inapunguza na chakula. Lorkaserini inayogusa 5-HT2C inapunguza pombe, na hii iliruhusiwa Marekani mwaka 2012 kama dawa ya kupunguza mwili kabla ya kuondolewa sokoni 2020, kwahiyo mnyama aliyepewa hiyo dawa akiacha kitu chenye kalori wala usishangae, pombe ina kalori 7 kwa gramu. Haimaanishi 5-HT2C hakina kazi kwenye pombe, kinabana nyuroni za dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu) na sababu ya kukifuatilia ipo, ila mwandishi ana deni la kukuonyesha kwamba hajapima njaa tu.

Na hapa tunaurudia ule mkanganyiko wa mwanzo. Mwaka 1968 Robert Myers na Warren Veale walitoa kwenye Science pepa iliyoanzisha mengi, waliwapa panya PCPA, dawa inayozuia serotonini isitengenezwe, na panya wakaikataa pombe. Ila soma kwa makini utaona kitu: baada ya dawa kusimamishwa panya waliendelea kuikataa, tena zaidi. Kama ni serotonini tu, ikirudi na kiu ya pombe si irudi? Baadaye wengine wakaonyesha maelezo yanayokaa vizuri zaidi, kwamba dawa inamfanya panya ajisikie vibaya, anaihusisha hali hiyo na ladha ya pombe aliyokunywa, anaichukia ladha. Mnyama akishajifunza kuchukia ladha hasahau upesi. Kwahiyo pepa ya kupunguza na pepa ya kuongeza hazikuwa zinapingana, moja ilikuwa inapima kichefuchefu. Mimi siku nilipolielewa hili nilirudi nikasoma upya pepa zote nilizokuwa nimeziandikia alama.

5-HT3, mahali pa kufanyia mazoezi

Chukua kipokezi hiki ujipime. Dawa zinazokifunga, kama ondansetroni na MDL 72222, zimepunguza unywaji kwenye majaribio mengi ya panya, na pia zinapunguza dopamini inayomwagika kwenye kiini akumbensi (sehemu ya ubongo inayohusika na raha) pombe ikiingia. Hapo picha inaonekana imenyooka: pombe inagusa 5-HT3, dopamini inapanda, panya anapenda, ukifunga kipokezi raha inapungua na anaacha. Halafu mwaka 1998 ikaja pepa ya panya wadogo walioongezewa 5-HT3 kwenye ubongo wa mbele, na hao nao wakanywa pungufu. Kufunga kunapunguza na kuongeza kunapunguza!

Usikate tamaa, tumia mpangilio ule ule. Kuongeza kulifanywa wapi, na kwenye nyuroni zipi? Ubongo wa mbele, si ubongo wote. Je hao panya walikuwa wanahisi pombe zaidi? Ndiyo, dozi ndogo iliwachangamsha kuliko wenzao. Tafsiri moja ambayo mimi naiona ina mashiko ni kwamba anayehisi kwa nguvu anatosheka na kidogo, kwahiyo mililita zimepungua lakini sababu ni tofauti kabisa na ile ya dawa ya kufunga. Ndo maana nasema mililita peke yake haikuambii kipokezi kimefanya nini, unahitaji kipimo cha pili, cha kuhisi au cha kutafuta au cha damu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwangu ni ule unaoruka mdomo kabisa. Kuna majaribio ambapo panya wakubwa wanabonyeza kitufe ili pombe kidogo sana iingie moja kwa moja kwenye eneo lililo sehemu ya chini ya ubongo wa kati ambako nyuroni za dopamini zinaanzia. Hakuna ladha, hakuna tumbo, hakuna kalori, na bado wanabonyeza. Ukichanganya kizuizi cha 5-HT3 kwenye tone lile lile wanaacha kubonyeza. Hapo maelezo ya kichefuchefu na njaa yanakuwa magumu kuyashikilia, mahali panajulikana na kipokezi kinajulikana.

Kuhusu kuvuka kwenda kwa binadamu

Hapa nitakuwa mfupi. Ondansetroni ilijaribiwa kwa watu, matokeo yalitoka kwenye JAMA mwaka 2000, na waliosaidika ni wale ambao ulevi wao ulianza mapema maishani, wa kuanza ukubwani hawakuonyesha faida hiyo. Dawa za kundi la fluoksetini hazijawa suluhisho la unywaji kwa watu kwa jinsi panya walivyoashiria. Kwahiyo kama unasoma kwa ajili ya mtu wako kama mimi nilivyokuwa nasoma, tafadhali usimtafutie dawa kutoka kwenye pepa ya panya, mpeleke kwa daktari na hizo pepa zikusaidie kuuliza maswali.

Ukiwa tayari kuanza

Chukua karatasi ichore safu: panya wa ukoo gani na jinsia gani, pombe asilimia ngapi na ya kipimo gani, muda wa kunywa, g/kg, damu ilipimwa au la, dozi na njia ya dawa, maji, chakula, sukari, mwendo, na mahali kwenye ubongo. Jinsia usiiruke, panya wakubwa na wadogo majike mara nyingi wanakunywa zaidi kwa kila kilo kuliko madume, wakati pepa nyingi za zamani zilitumia madume peke yao. Jaza safu hizo kutoka kwenye mbinu na majedwali kabla hujasoma hitimisho la mwandishi, na penye pengo acha wazi, usikisie.

Pepa za kuanzia nazo ni ile ya 1996 na ile ya 1999, moja kushoto nyingine kulia, maana panya ni wale wale na utaona kwa macho yako ni safu zipi zimebadilika.